Maji Yasikatike

Kalunde hakuwahi kuwa Myahudi, wala hakuna Myahudi aliyemwomba awe. Alizaliwa Kyuso, kaskazini ya Kitui, akabatizwa angali mtoto, akaolewa Malili, na wanaomkumbuka wanasema hakukosa kanisani Jumapili ila kwa ugonjwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia katika kazi ya Wayahudi, na kazi yenyewe ilikuwa kuosha wafu.

Ilianza mwaka wa Uhuru. Mumewe alikuwa amefariki, mashamba ya Malili hayakuwa yametoa kitu, na jamaa yake mmoja aliyekuwa mtunza bustani Nairobi akamtafutia kazi ya ndani kwa mama mmoja wa Kizungu. Mama huyo aliitwa Bi. Lipman, lakini wafanyakazi walimwita Memsabu Rut. Alikuja Kenya angali msichana, akikimbia Ujerumani, na wakati Kalunde anaajiriwa, Memsabu Rut ndiye aliyewaongoza wanawake wa jamii yake waliojitolea kuosha maiti za Wayahudi wenzao na kuzivika. Kikundi chao walikiita hevra. Hakikuwa na mshahara, hakikuwa na bendera, na waliokihudumia hawakukizungumzia mezani.

Mwanzoni Kalunde alipasha maji na kuyabeba hadi mlangoni. Hapo ndipo kazi yake ilipokoma, kwa kuwa kuosha kulikuwa kwa Wayahudi wenyewe. Jambo hilo halikumuudhi. Bibi yake kule Kyuso alikuwa amemsimulia siku ambazo maiti ilipelekwa kichakani na kuachwa huko, na aliyeigusa hakurudi kukaa na watu mpaka atakaswe. Kusimama mlangoni kulimtosha kabisa.

"Maji hapana moto, hapana baridi," Memsabu Rut alimwambia siku ya kwanza, kwa kile Kiswahili chake cha mashambani. "Kama ya mtoto."

"Lakini memsabu, si amekufa? Atajuaje?"

"Yeye hapana jua. Wewe najua."

Baadaye alifundishwa kushona. Mavazi ya wafu yalikuwa ya kitambaa cheupe cha bei rahisi, hayana mfuko, na uzi wake haukupigwa fundo. Mwenye hoteli kubwa ya mjini alivishwa vazi lile lile alilovishwa mzee aliyekufa akilala kwenye chumba cha msaada. Kalunde alishona mengi, akayakunja, akayapanga kabatini. Wakati huo Wayahudi wa Nairobi, ambao tangu hapo hawakuwa wengi, walikuwa wakihama, huyu London, yule Israeli, na kila aliyehama aliiacha hevra na mikono miwili pungufu.

Siku moja waliofika kuosha walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa mzee asiyeweza kuinua ndoo. Memsabu Rut alifungua mlango, akamtazama Kalunde aliyekuwa amesimama na maji yake, akasema, "Ingia."

Aliingia. Alichokikuta ndani hakikuwa kile alichokiogopa. Marehemu alifunikwa shuka tangu mwanzo hadi mwisho, mkono ukafanya kazi chini ya shuka, na palipobidi kufunuliwa, pakafunuliwa hapo tu na kufunikwa tena. Hakuna kilichopitishwa juu ya mwili wake, hata sabuni; ilizungushwa pembeni. Hakuna aliyepiga domo. Kabla ya yote, Memsabu Rut alimwita marehemu kwa jina lake na la baba yake, akamwomba msamaha ikiwa mikono yao ingemkosea heshima. Mwisho kabisa maji yakamwagwa kutoka kichwani hadi miguuni, mfululizo. Hapo ndipo palipohitaji watu wawili, kwa sababu ndoo ya pili huanza kumwagwa kabla ya ndoo ya kwanza kwisha. Maji yakikatika, mnaanza upya. Hakuna awezaye kuifanya kazi hiyo peke yake, hata awe hodari namna gani.

Kalunde aliishika ndoo ya pili kwa zaidi ya miaka ishirini. Memsabu Rut alipofariki, aliishika kwa ajili yake pia. Mwaka 1986, magoti yalipoanza kulalamika, aliaga akarudi Malili.

Malili ya wakati huo ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Mombasa, hoteli za chai na nyama, na malori yaliyosimama wakati wa mchana. Mwezi wa kwanza baada ya kurudi, jirani yake mmoja mzee alifariki, na Kalunde akaona alivyooshwa: mbiombio, kwa brashi ya nguo, watu wakipiga gumzo juu ya mvua. Wiki iliyofuata alikwenda kwa Wanjiro, mke wa Kahiga mwenye hoteli, waliohamia hapo kutoka Murang'a, akamweleza. Kisha akamweleza Ndululu, jirani yake wa upande wa pili. Wakamba wanajua kufanya kazi kwa mwethya, kikundi cha watu wanaosaidiana kulima na kuchimba matuta, leo kwako, kesho kwangu. Kalunde aliwaambia huu ulikuwa mwethya kama mwingine, ila mwenye shamba hatakuja kulima kwako.

Watu walikubali kuoshewa wafu wao. Walichoshindwa kukubali ni chai. Kanuni ya hevra ilikuwa kwamba aliyeosha hali wala hanywi katika nyumba ya msiba, asije akaonekana amelipwa. Katika nchi ambayo mgeni hatoki bila kugusa kikombe, kanuni hiyo ilizua maneno. Wafiwa walinung'unika kwamba akina mama hao wanajiona. Mchungaji naye alikuja mwenyewe siku moja, akaketi kwenye kigoda cha Kalunde.

"Mama, watu wanasema umetuletea mambo ya Wayahudi. Sisi hatuko chini ya sheria."

"Ni kweli, mchungaji."

"Sasa?"

"Yule Yusufu wa Arimathaya aliyemshusha Bwana msalabani na kumfunga sanda, alikuwa mshirika wa kanisa gani?"

Mchungaji alicheka, akanywa chai, na hakulirudia jambo hilo.

Kikundi kikawa na akina mama saba. Waliwaosha wanawake, na hata wanaume, kwa kuwa wanaume wa Malili walisema kazi hiyo inawazidi, na kanuni ya hevra ilimruhusu mwanamke kumwosha mwanamume palipokosekana mwingine. Wakati wa ukame watu waliuliza kwa nini maji ya ng'ombe amwagiwe mtu asiye na kiu. Kalunde alibeba yake kutoka nyumbani.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Hakuna aliyeutaja kwa jina. Walisema tu fulani amekonda, au fulani alirudi kutoka Mombasa si mzima. Zahanati iliwapa akina mama glavu, nao wakaendelea kwa muda. Lakini mmoja akaacha kuja, kisha mwingine, na ilipofika mwaka 1993 waliobaki ni Kalunde, Wanjiro na Ndululu.

Mwaka huo, asubuhi moja, alifika mjumbe kutoka Kwa Vonza, upande wa Kitui, alikoolewa binti yake Kalunde aitwaye Kalondu. Mume wa Kalondu, dereva wa lori aitwaye Musembi, alikuwa amefariki nyumbani baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wanaume wa ukoo walikuwa wamekwisha kuchimba kaburi. Walikusudia kumzungushia karatasi ya nailoni pamoja na blanketi alilofia, blanketi alilojisaidia humo siku zake za mwisho, na kumzika bila kumgusa. Kalondu alikuwa amewaomba wangoje. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa, hakuwa na nguvu za kuinua hata sufuria. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: mama atafute watu wa kumwosha Musembi.

Alisema atafute watu. Hakusema mama aje amwoshe. Hilo halikuwezekana, na wote wawili walilijua. Kwa Wakamba, mama mkwe na mume wa binti yake huishi kwa nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja huiacha njia, na jina la mmoja halitoki kinywani mwa mwenzake. Vijana wengi walikuwa wamekwisha kuyalegeza mambo hayo, lakini Musembi alikuwa mtu wa mila, na Kalunde vile vile. Tangu amwoe Kalondu, Musembi hakupita mlango wa nyumba ya Kalunde. Lori lake lilipopita Malili alipiga honi mara mbili bila kusimama, na Kalunde akajua kwamba huko kwa binti yake ni salama. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao.

Alikwenda kwanza kwa Ndululu.

"Ule ugonjwa?" Ndululu aliuliza.

"Ndio huo."

"Basi mimi mgongo unaniuma."

"Si jana tu ulibeba kuni?"

"Ndiyo maana unauma, dada."

Wanjiro alikuwa akipanga vikombe hotelini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nitaenda," alisema. "Kahiga atatupeleka na pikapu. Lakini hebu fikiria, mama Kalondu. Tuko wawili, na wewe ni mama mkwe. Kwa hivyo niko peke yangu."

"Tutapata mtu huko."

"Mtu gani?"

"Mtu."

Walifika Kwa Vonza jua likiwa kali. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ghala, mbali na nyumba, na karatasi ya nailoni ilikuwa imekunjwa tayari karibu nao. Mulei, mzee wa ukoo, alisimama kuwapokea. Alikuwa mtu mpole, na alisema kwa upole kwamba walikuwa wamengoja vya kutosha. Kalunde alimwomba mtu mmoja tu wa kushika ndoo. Mulei aliwatazama wenziwe. Mmoja alianza kufunga kamba za viatu. Mwishowe aliyesimama ni Nzomo, mdogo wake marehemu, mwalimu wa shule ya msingi.

"Mama, mimi ni mwalimu," alisema. "Sijawahi kufanya kazi hii."

"Ni kama kuosha mtoto."

"Mtoto hulia. Huyu amenyamaza."

"Basi ni rahisi zaidi. Vaa glavu."

Punda alikuwa ameleta maji ya kisima cha mchangani, mitungi mitatu ya plastiki. Wanjiro aliyapasha kidogo. Yeye na Nzomo waliingia katika chumba alimolala Musembi. Kalunde akaingia jikoni, kibanda kilichosimama kando ya nyumba, akaketi akiupa mgongo ule upande wenye dirisha la chumba. Kutoka hapo hakuweza kuona kitu. Aliweza kusema na kusikia.

Aliwaambia waondoe blanketi chini ya shuka. Aliwaambia waanze na kichwa, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Wanjiro alijua yote hayo, ila aliacha asemewe ili Nzomo asikie. Mara kwa mara sauti yake ilitoka dirishani: "Tumemaliza mkono." "Tumefika kiunoni." Kalunde alisikia kitambaa kikikamuliwa, maji yakidondoka kwenye beseni, na akahesabu kimoyomoyo kwamba mtungi wa kwanza umekwisha.

"Sasa ni kumwagia," Wanjiro alimwambia Nzomo. "Usingoje yangu iishe. Nikisema sasa, wewe unaanza."

Maji yalianza. Kalunde aliyasikiliza kama mtu anavyosikiliza hatua za mtu anayemfahamu. Ndoo ya kwanza ilipokaribia kwisha, Wanjiro akasema, "Sasa." Hakuna kilichofuata. "Sasa, mwalimu!" Maji yakakatika. Kisha ndoo ikaanguka sakafuni, na yale yaliyokuwamo yakatoka chini ya mlango hadi uani, na Nzomo akatoka nyuma yake. Huko ndani shuka ilikuwa imelowa, ikalala juu ya uso wa kaka yake na kuuchora, pua, midomo na vyote. Nzomo alikwenda akaketi chini karibu na ghala, glavu bado mikononi.

Mulei alikuja hadi mlango wa jikoni, akasimama nje.

"Inatosha, mama. Mmemwosha. Hata watu wa hospitali hawaoshi hivyo. Tumzike sasa, jua ni kali."

"Maji yamekatika, mzee."

"Nani atajua?"

Kalunde aliitazama mitungi. Mtungi mmoja ulikuwa umebaki, na ulitosha kumwagia mara moja, si mara mbili. Katika miaka yake yote hakuwahi kumwacha mtu katikati. Nairobi aliwahi kumwosha mwanamke aliyekufa motoni. Alimwosha Memsabu Rut, aliyemfundisha. Huyu hapa, baba wa wajukuu wake, alikuwa amelala nusu ya kuoshwa kwa sababu kati yake na yeye palikuwa na ukuta wa mbao na neno moja la heshima. Alifikiri juu ya neno hilo kwa muda. Hakuliona kuwa la upuuzi. Alijiuliza tu kama heshima hiyo, ikimwacha mtu azikwe hivyo, ilikuwa bado inamheshimu mtu yeyote.

"Wanjiro," aliita, "mfunike uso kwa kitambaa kikavu. Kisha mbadilishie shuka."

Alipoinuka, Mulei aliukinga mlango kwa mkono.

"Mama, huyo ni mkweo."

"Najua."

"Utamwona."

"Nimeosha watu miaka thelathini, mzee. Sijamwona hata mmoja."

Mulei hakuelewa, lakini mkono wake ulishuka. Kalunde alivuka ua, akavaa glavu mlangoni, akaingia macho yakiwa sakafuni. Alisimama upande wa miguu. Kulikuwa na jambo moja ambalo Wanjiro, kwa wasiwasi wake, alikuwa amelisahau mwanzoni, na haikufaa kumwaga maji kabla halijafanywa. Kalunde alilifanya kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, wanaume waliokuwa kwenye ghala walisikia kila neno.

"Musembi mwana wa Ndolo. Ni mimi, mama yake Kalondu. Kama tunakukosea heshima kwa mikono yetu, utusamehe. Tunalofanya tunalifanya kwa heshima yako."

Huko nje mtu mmoja alivuta pumzi. Mama mkwe alikuwa amelitaja jina.

Wanjiro aliinua ndoo yake. Maji yalishuka kichwani, kifuani, na kabla hayajapungua akasema, "Sasa," na Kalunde alikuwa amekwisha kuanza. Hayakukatika. Yalifika miguuni, yakaenda chini ya mlango, yakanywewa na mchanga wa uani. Walimkausha chini ya shuka kavu. Walimvika lile vazi jeupe lisilo na mfuko, alilokuja nalo Kalunde, Wanjiro akivuta upande wa mabega na Kalunde upande wa miguu. Kisha waliwaita wanaume waje wambebe. Kwa kuwa sasa alikuwa msafi na amefungwa vizuri, walikuja wanne, na karatasi ya nailoni ikabaki ilipokuwa imekunjwa.

Baada ya mazishi wazee walikaa, wakamwita Kalunde, wakamketisha mbali kidogo. Mulei alisema kazi ilikuwa nzuri na hakuna aliyeikana, lakini nthoni ilikuwa imevunjwa mchana kweupe, na ukoo hauwezi kujifanya haukuona. Ilibidi achinjwe mbuzi, Kalunde amle pamoja nao, mambo yatengenezwe.

"Mchinjeni," Kalunde alisema. "Lakini mimi sitamla."

"Kwa nini?"

"Aliyeosha hali katika nyumba ya msiba."

"Lakini mbuzi mwenyewe anachinjwa kwa ajili yako! Usipokula, hatutakuwa tumetengeneza kitu."

"Nimewaelewa, wazee."

"Kwani unataka tukuletee Malili?"

"Atakuwa bado ni mbuzi wa msiba."

Walishauriana kwa muda mrefu. Mmoja alipendekeza wangoje mwaka. Mwingine aliuliza kama supu nayo inahesabiwa. Kalunde alisema supu nayo inahesabiwa. Hawakufikia uamuzi, na kwa kadiri ijulikanavyo hawakuufikia hata baadaye. Shauri hilo liliahirishwa kila walipokutana.

Kalunde alipokuwa akitoka hapo, Nzomo alimfuata kwa nyuma, akasimama umbali wa heshima.

"Mama, ile ndoo ya pili. Inaanza lini hasa?"

"Kabla ya kwanza kwisha. Ukingoja uone imekwisha, umechelewa."

"Sawa," alisema Nzomo. Alirudi akazisuuza ndoo zote mbili, akaziweka juani.

Kahiga alikuwa amewasha gari. Kalunde aliingia chumba cha Kalondu kumuaga. Binti yake alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, kanga mabegani.

"Ulimwona, mama?"

"Hapana. Uso ulifunikwa."

Kalondu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetegemea jibu hilo na bado limemwacha mikono mitupu.

"Lakini ana sugu," Kalunde alisema. "Mguu wa kushoto, hapa chini ya kidole gumba. Ngumu kama jiwe. Wa kulia hauna. Ni ya nini?"

Kalondu alimtazama, kisha akacheka, kicheko kidogo chenye kukohoa ndani yake.

"Ni ya klachi, mama. Alikuwa akiendesha bila viatu. Alisema kiatu kinamdanganya."

"Kinamdanganya vipi?"

Kwa miaka yote hiyo Kalunde hakuwahi kuuliza swali hata moja juu ya mtu huyo. Kahiga alipiga kelele kutoka njiani kwamba giza litawakuta Machakos. Kalunde alivuta kigoda, akaketi, na Kalondu akaanza kumweleza.